Kabla Hujaijaza Fomu, Žaneta

Mwalimu wa ushauri amekuwekea fomu mezani
na tayari, kwa kalamu ya risasi, hafifu,
ametia alama penye "ushonaji".
Hana ubaya. Alinitilia mimi papo hapo
miaka kumi na tisa iliyopita,
mimi nisiyeweza hata kutunga uzi sindanoni.

Nilikuona Jumamosi kijitoni.
Theluji ilikuwa ikiyeyuka, maji rangi ya udongo,
na lile daraja letu la mbao na mlango wa friji
lilikuwa limekwenda na maji, kama kila Machi.
Wenzako walitafuta mawe ya kurukia.
Wewe ulikuwa na kamba ya kuanikia nguo
uliyoipiga mafundo, shibiri kwa shibiri,
unapima.
Ukapima tena. Kisha ukarudi mara ya tatu,
kwa kuwa ya kwanza na ya pili hazikupatana,
na uso ukakukunjamana
kama wa mtu aliyepunjwa chenji dukani.

Hasira hiyo, Žaneta, ndiyo niiitayo uhandisi.
Mengine yote hufundishwa.

Watakunong'oneza kwamba hesabu si za Waroma,
si za watu wa ng'ambo ya kijito.
Mtazame mama yako na gunia moja la viazi,
vinywa saba, na mwezi wenye siku thelathini na moja.
Hizo ni hesabu. Hazijapewa daftari tu.

Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hapa walianza na ukuta,
mita mbili na nusu, kati ya mji na sisi,
nyufa wakatuachia.
Nimeukagua ukuta ule kwa macho ya kazi yangu:
msingi mfupi, hakuna tundu la kutolea maji.
Miaka kumi, utainama.
Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama barabarani,
nikacheka peke yangu, watu wakanishangaa.

Lakini sitakupaka asali mdomoni.
Košice, ukumbini, tulikuwa mia mbili,
na kiti cha kando yangu kilikaa kitupu hadi Desemba.
Profesa mmoja aliniuliza ndoo ya kupigia deki iko wapi.
Na mekanika ya vimiminika nilifeli,
thelathini na moja kwa mia,
wala hilo halikuwa kosa la profesa; sikuwa nimeelewa.
Nikapanda basi kurudi nyumbani na kila kitu,
hata sufuria.

Mama alikuwa kwenye foleni ya bomba,
bomba moja, watu mia tatu, koki imefunikwa matambara isigande.
Hakunipokea mzigo.
Alisema, "Maji hayajafika kwetu, wewe umefikaje?"
Nikageuka na sufuria yangu.

Maji yalifika miaka minane baadaye.
Mchoro ni wangu; jina langu liko pembeni,
Mhandisi Jolana Tancošová, herufi ndogo ndogo.
Niliomba bomba la milimita mia,
baraza la mji likakata hadi themanini,
ndiyo maana kiangazi nyumba za juu,
yenu ikiwemo, hupata maji ya kudondoka.
Unanichukia kila Julai, najua.
Njoo unisahihishe.
Mimi nimechoka kukaa peke yangu kwenye vikao vile,
nikiwa mtu pekee mezani
aliyewahi kubeba maji anayoyajadili.

Sasa, fomu.
Kalamu ya risasi hufutika; kifutio hiki hapa.
Na huu utepe wa kupimia, wa mita thelathini,
una kutu kidogo mwanzoni, anzia alama ya kumi
kisha utoe.
Kamba mrudishie mama yako, nguo zinamsubiri.

Ila nimesahau kukuuliza:
ile mara ya tatu,
ulipata ngapi?